Ukelele wa mwisho hautishi mtu

Kila nikifundisha usimulizi, lazima atokee wa kuniuliza: "Mwalimu, pale mwishoni nipige kelele kwa nguvu kiasi gani?" Nimelichoka swali hili. Mtu hana hadithi, hajui mzimu wake unatafuta nini, lakini ukelele anao tayari.

Dhana: Hadithi ya mzimu hutisha kwa kelele ya mwisho

Kelele hushtua, na kushtua ni kazi rahisi. Sauti ya ghafla ikilia, macho hufumba, shingo hukaza, mabega hupanda, yote chini ya sekunde moja. Bamiza mlango utapata hayo hayo bila hadithi yoyote. Kisha watu wanacheka, wanasukumana, na hofu uliyoijenga kwa dakika 10 imekwenda na maji. Ukirudia, mwili umeshazoea.

Hofu hujengwa kabla. Mfano ninaoupenda una miaka 1,900 hivi: barua ya Mrumi Pliny Mdogo kuhusu nyumba yenye mzimu huko Athens. Mwanafalsafa Athenodorus amekaa usiku, anaandika. Kwanza kimya. Kisha chuma kinalia. Hainui macho. Minyororo inasogea, sasa iko kizingitini, sasa imo chumbani. Anageuka: mzimu umesimama, unamwita kwa kidole. Naye anauashiria usubiri kidogo, anarudi kwenye maandishi yake! Minyororo inatikiswa juu ya kichwa chake. Hakuna aliyepiga yowe. Msikilizaji anajua kitu kinakuja, anajua kimefika wapi, na hana la kufanya.

Wabishi huniletea mwandishi wa Marekani, Mark Twain. Ni kweli, hadithi yake ya mkono wa dhahabu, ambamo mume anafukua kaburi la mkewe ili auchukue mkono huo, humalizika kwa msimulizi kumrukia msikilizaji. Lakini someni alichoandika mwaka 1895 kuhusu namna ya kuisimulia. Kilichomnyima raha ni kile kimya kinachoutangulia ukelele. Kikiwa kifupi mno, hadithi imepwaya. Kikizidi, watu wameshashtukia mtego.

Kwa hiyo wanafunzi wangu husimulia hadithi nzima bila kupaza sauti hata mara moja. Ukikaribia pabaya, shusha sauti mpaka waliokaa nyuma wainame kukusikiliza. Nyamaza. Mtazame mmoja wao, hesabu kimoyomoyo moja mpaka tatu, ndipo utoe sentensi fupi: "Mlango ulikuwa wazi." Wengi hawakivumilii kimya hicho. Wanakijaza "yaani" na "sasa basi", halafu wanashangaa kwa nini watu wamechukua simu.

Dhana nyingine, kwa haraka

*Damu ikizidi, hofu inazidi.* Kinachozidi ni kinyaa. Kiti ulichokiacha ukutani jana usiku, leo asubuhi kiko kando ya kitanda: hapo hata tone moja la damu halihitajiki.

*Mzimu lazima uelezwe wote.* Toa kitu kimoja, kwa mfano nguo inayochuruzika maji ilhali mvua haijanyesha. Ukianza kuorodhesha pembe, meno na macho mekundu, watu wanachora katuni kichwani.

*Uape kwamba ni kweli.* Ukiapa umejiweka kizimbani. Watakuuliza lini, wapi, nani shahidi. Simulia tu, bila kujitetea.

*Giza liwe totoro.* Hapana, uso wako ni nusu ya hadithi, nao lazima uonekane. Mwanga hafifu unatosha. Na tochi chini ya kidevu, tafadhali, tuiache.

*Wakicheka, umeshindwa.* Mara nyingi hicho ni kicheko cha woga, yaani hadithi imeingia. Usicheke nao wala usikasirike. Ngoja kiishe, kisha endelea kwa sauti ya chini kuliko pale ulipoachia.

*Kutishwa kunawakomaza watoto.* Hili nalo hunikera. Mtoto aliyeziba masikio au anayetafuta mkono wa mtu mzima ameshatoka kwenye mchezo. Usimkazie. Mzimu uliokuwa unatafuta pete yake, uipate pale pale, uondoke zake, na taa iwashwe.