Majira ya Baridi: Tafuta Kundi, Si Ndege

Ukiingia kwenye msitu wa Ulaya mwezi Januari, unaweza kutembea nusu saa nzima usione hata unyoya. Mara miti mitatu minne inajaa ndege, kisha kimya tena. Si suala la bahati. Wakati wa kuzaliana jozi nyingi hulinda maeneo yao, lakini baridi ikikaza ndege wadogo wa aina mbalimbali huandamana kutafuta chakula. Macho mengi humwona kipanga mapema, na kila mmoja hupata muda zaidi wa kula.

Kwa hiyo mimi hutega masikio kwanza. Aegithalos caudatus, kindege mwenye mkia mrefu kuliko mwili wake, haachi kuwaita wenzake kwa mlio mwembamba. Ukimsikia, usimfukuzie. Kadiria kundi linaelekea wapi, tangulia, jibanze kwenye shina na uwaache wakupitie.

Hapo ndipo utamu ulipo, maana majani yamepukutika na kila mmoja unamwona mahali pake. Certhia familiaris hupanda shina kwa kulizunguka, akifika juu huruka hadi chini ya mti unaofuata. Ukiona ndege anashuka shina kichwa chini, usihangaike na rangi: ni Sitta europaea. Kwenye ncha za misonobari yuko Regulus regulus, gramu 5 au 6 tu, hatulii hata kidogo. Huyo darubini humpoteza. Mtazame kwa macho matupu kwanza.

Bustanini wakati mzuri ni alfajiri na saa ya mwisho kabla ya giza. Usiku wa Desemba huko Uingereza hukaribia urefu wa saa 16, na ndege hawa huuvuka kwa mafuta waliyoyaweka mwilini mchana. Wengine hubanana kupata joto: mwaka 1969, huko Norfolk, Uingereza, vindege 61 wa aina ya Troglodytes troglodytes walilala ndani ya kiota kimoja cha sanduku.

Ukiwawekea mbegu za alizeti, safisha chombo mara kwa mara. Vyombo vichafu hueneza magonjwa, na kwa maoni yangu asiye na muda wa kusafisha ni heri asiweke kabisa. Na ukihesabu, andika idadi kubwa zaidi ya aina moja uliyoiona kwa wakati mmoja. Usijumlishe kila anayetua, kwani yule yule huenda na kurudi asubuhi nzima.