Je, wajua kwa nini Nihang huvaa pete za chuma kilembani?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba zile pete za chuma kwenye vilemba virefu vya Makalasinga wa sikukuu ya Hola Mohalla ni mapambo, aina ya taji. Picha ndizo zilizonijengea dhana hiyo: kilemba cha buluu kimesimama kama mnara, kimezungukwa na pete tatu au nne zilizosuguliwa mpaka zinameta. Sikufikiria kwamba mtu anaweza kubeba silaha kichwani.

Ni silaha. Jina lake ni chakram, na Wapunjabi huiita chakkar. Nilipofika Anandpur Sahib, katika jimbo la Punjab nchini India, mzee mmoja wa Nihang, kundi la wapiganaji wa Kikalasinga wavaao buluu, aliinyanyua moja kutoka kilembani na kuniwekea kiganjani. Akapitisha ukucha pole pole kuonyesha tofauti: ukingo wa ndani ni butu, unashikika, wa nje umenolewa kama kisu.

Ukishajua hilo, wazo la taji halisimami tena. Taji huwa moja, na mara nyingi ni la dhahabu. Hizi ni za chuma tupu, kadhaa kwa pamoja, na kila moja ina ukubwa wake. Isitoshe, silaha hii ni kongwe kuliko sikukuu yenyewe. Mreno Duarte Barbosa, ambaye mwanzoni mwa karne ya 16 aliandika pia habari za Kilwa na Mombasa, aliwaeleza wapiganaji wa Delhi waliovaa mkononi magurudumu ya chuma yenye makali kwa nje. Wakati huo Guru Nanak, mwanzilishi wa dini ya Makalasinga, alikuwa bado hai.

Sasa, kwa nini kichwani? Tazama bangili. Hupita vidoleni kwa urahisi, ikashuka, na kukaa pale mkono unapoanza kunenepa. Kilemba cha Nihang ni kipana chini na chembamba juu, kwa hiyo pete ndogo hukwama karibu na kilele na kubwa hushuka mpaka chini, kila moja mahali pake. Kuichukua ni kuinyanyua tu, na mikono hubaki huru kwa upanga na ngao. Inasemwa pia kwamba chuma hicho hukinga kichwa dhidi ya upanga. Lina mantiki, ila umbo lenyewe la pete linaonyesha kwamba kazi yake ya kwanza ni kurushwa.

Kurusha kwenyewe ndiko kulikonivutia zaidi. Chukua kifuniko cha sufuria ukirushe bila kukizungusha: kitapinduka na kuanguka karibu. Kirushe huku kikizunguka, kitakwenda kimelala vile vile ulivyokiachia. Ni kama pia ya watoto, ambayo ikitulia huanguka na ikizunguka husimama. Chakram huzungushwa kwenye kidole cha shahada kilichopitishwa ndani, kwenye ukingo butu, kisha ikaachiwa. Au hubanwa kwa vidole na kurushwa kwa kukunjua kifundo cha mkono. Kwa nini pete na si sahani? Kumbuka gurudumu la baiskeli iliyopinduliwa: ukilizungusha kwa mkono, linaendelea muda mrefu, maana uzito wake uko ukingoni. Uzito wote wa pete uko hapo hapo, na ukingo huo ndio wenye makali.

Hola Mohalla yenyewe hufanyika siku inayofuata Holi ya Wahindu, kwa kawaida mwezi Machi. Guru Gobind Singh, guru wa 10, aliunda Khalsa, jumuiya ya Makalasinga waliokula kiapo cha dini, mwaka 1699. Muda mfupi baadaye, mwaka unaotajwa zaidi ukiwa 1701, aliwakusanya wafuasi kwa vita vya mazoezi kwenye ngome ya Holgarh, ng'ambo ya kijito cha Charan Ganga. Maadui walikuwa wa kweli: miaka michache tu baadaye Anandpur ilizingirwa na guru akalazimika kuuhama mji. Neno mohalla wengi hulirudisha kwenye mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kushuka na kutua, ule ule uliotupa sisi neno mahali.

Ukienda, funika kichwa, vua viatu kabla ya kuingia gurdwara, yaani hekalu la Makalasinga, na usibebe tumbaku wala pombe. Chakula ni bure kwa kila mtu, kama msafiri wa barabara ya Mombasa anavyokula kwa Makalasinga wa Makindu: unaketi chini kwenye mstari, unapokea chapati kwa mikono miwili, unamiminiwa dengu. Mchana fuata vumbi mpaka kwenye farasi. Nilimwona kijana amesimama mguu mmoja juu ya farasi huyu na mwingine juu ya yule, wote wawili wakienda mbio, magoti yake yakicheza kama ya baharia kwenye mawimbi.

Kuna chakkar nyingine utakayoiona kwenye maonyesho ya gatka, mchezo wao wa fimbo na panga. Ni gurudumu la kamba zilizofungwa vizito mwishoni, na mchezaji huishika katikati na kuizungusha juu ya kichwa. Jina ni hilo hilo, lakini hii hairushwi. Umati ukirudi nyuma, rudi nao.