Intaneti ya ofisini inasuasua? Msikimbilie kuongeza kifurushi

"Kifurushi ni kidogo." Hili ndilo husemwa kwanza, na mara nyingi si kweli. Wenzako wakishaondoka, chomeka kompyuta moja kwenye rauta kwa waya upime. Mkilipia megabiti 100 kwa sekunde na kipimo kikasoma 95, ugonjwa uko humo humo ofisini. Wala msichanganye megabiti na megabaiti: baiti moja ni biti 8, kwa hiyo laini hiyo ikishusha faili kwa megabaiti 12 kwa sekunde, imefanya kazi yake yote.

"Waifai ina mistari yote, iko sawa." Mistari huonyesha nguvu ya mawimbi tu. Kwenye masafa ya gigahezi 2.4, chaneli (njia za mawimbi) zisizoingiliana ni 1, 6 na 11. Jirani akiwa kwenye chaneli yenu, mnapokezana hewa. Hamieni gigahezi 5.

"Taa inawaka, waya ni mzima." Hapa nimepoteza saa nyingi kuliko ningependa kukiri. Kasi ya megabiti 1000 hutumia jozi zote 4 za nyuzi ndani ya waya, ile ya 100 hutumia 2 tu. Kiti kikikanyaga waya kila siku hadi jozi moja ikakatika, kompyuta na swichi (kisanduku kinachounganisha nyaya za mtandao) zinaweza kukubaliana kimyakimya kushuka hadi 100, na taa ikaendelea kupepesa kama kawaida. Fungua mipangilio ya mtandao usome kasi ya muunganisho. Ukikuta 100 pale panapotakiwa 1000, badilisha waya kabla ya kumpigia mtu yeyote.

"Sisi tunashusha tu, kupandisha hakutuhusu." Kila unaposhusha, kompyuta yako hurudisha ujumbe mdogo wa "nimepokea". Programu ya kuhifadhi nakala ikianza kupandisha mafaili asubuhi, ujumbe huo unakwama kwenye foleni na kurasa zinagoma. Piga ping (ujumbe mfupi wa kupima muda wa jibu) kwenye rauta, kisha anwani ya nje. Ya rauta ikiwa milisekunde 1 na ya nje imeruka kutoka 20 hadi 400, simamisha nakala hizo uone. Milisekunde zikishuka, zipangie nakala usiku.

"Zima rauta, washa tena." Husaidia, sikatai, ila hufuta ushahidi.

Na ukurasa ukiganda sekunde kadhaa kisha ukafunguka wote kwa mkupuo, achana na kasi. Shuku seva ya DNS, ile inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba. Weka nyingine ujaribu.