Drams si kila ngoma ya bendi

Msafara wa harusi ukipita na tarumbeta, hakosi mtu wa kusema, "Sikia drams hizo!" Jamani, zile si drams.

Drams ni ngoma na matoazi yaliyopangwa mbele ya mtu mmoja aliyeketi, ayapige yote peke yake kwa mikono na miguu. Neno tumelichukua kwa Waingereza pamoja na "s" yake ya wingi, na nadhani ndiyo inayotupoteza: tunaliona kama jina la ngoma zozote za kizungu, kumbe ni jina la mpangilio.

Na mpangilio huo kwao ni New Orleans, Marekani. Huko nako bendi zilitembea barabarani, kwenye mazishi na maandamano: mmoja kabeba ngoma kubwa tumboni, mwenzake ana ile ndogo yenye nyuzi chini. Zilipoingia kumbi za dansi, nafasi finyu, malipo kidogo, mtu mmoja akapewa kazi ya wawili. Mwanzoni aligonga ngoma kubwa kwa kijiti, kisha akaiwahi ndogo kwa kijiti kilekile! Aliyemkomboa ni pedeli, kikanyagio cha mguu kinachogonga ngoma kubwa. Zilikuwapo za aina kadhaa, lakini ile ya William F. Ludwig wa Chicago, mwaka 1909, ilikuwa na kasi ya kutosha muziki uliochangamka. Mguu ukashika ngoma kubwa, mikono ikawa huru. Zikaongezwa ngoma za Kichina, matoazi ya Kituruki, vibao vya mbao, kengele za ng'ombe. Wamarekani wakaliita lundo hilo "traps", neno ambalo wengi hulieleza kuwa limekatwa kutoka "contraption", yaani kidude cha kuungaunga.

Baby Dodds, mzaliwa wa New Orleans, alikipiga kidude hicho kwa ufundi mkubwa, akibadili sauti kumfuata kila mwenzake aliyeshika zamu ya kupiga. Ukisikiliza santuri za 1923 za bendi ya King Oliver, alimopiga Dodds, usimhukumu kwa vile vibao vya mbao unavyovisikia: mitambo ya kurekodia ya wakati ule haikustahimili kishindo cha ngoma kubwa, ikabidi iachwe.

Sasa warudie vijana wa harusi. Mmoja ana ngoma kubwa, mwingine ndogo, wa tatu matoazi, na wote wanatembea. Hao ni wapiga ngoma watatu. Mpiga drams utamkuta ukumbini jioni, nyuma ya waimbaji, amekaa.