Meneja mkuu si kocha, wala si nahodha aliyepandishwa cheo

Chukua sentensi hii ya hoki ya barafu: "Yzerman, nahodha wa zamani wa Detroit Red Wings, sasa ni meneja wa timu hiyo." Aliyekulia kwenye soka la Uingereza atasoma hapo kocha. Wa ligi zetu atamfikiria yule wa safari, vifaa na leseni za wachezaji. Wote wamekosa. Katika hoki ya barafu ya Amerika Kaskazini, meneja mkuu ndiye anayemwajiri kocha na kumfukuza, anayeteua chipukizi kila mwaka, anayebadilishana wachezaji na klabu nyingine, na anayehakikisha kikosi cha watu 23 hakivuki kikomo cha mishahara kilichowekwa na ligi. Kwenye benchi hakai.

Nahodha ni mchezaji mwenye herufi C kifuani, anayeruhusiwa kumuuliza refa tafsiri ya sheria. Kipa haruhusiwi kufanya kazi hiyo ya nahodha. Steve Yzerman aliivaa C hiyo Detroit tangu 1986, akiwa na miaka 21, mpaka akastaafu 2006 na Makombe matatu ya Stanley, yaani ubingwa wa ligi hiyo.

Mkorogo umeanzia kwenye neno lenyewe. Nahodha ni la Kiajemi, nakhuda: nav ni chombo, khuda ni bwana. Katika biashara ya Bahari ya Hindi, nakhuda mara nyingi alikuwa mwenye jahazi au wakili wake. Shehena na bei vilikuwa juu yake, njia akamwachia rubani. Kwa asili hiyo, jina linamkaa meneja mkuu vizuri kuliko mvaa C! Ila uwanjani limeshazoeleka, tuliache.

Yzerman mwenyewe hakuruka kutoka barafuni hadi kwenye kiti hicho. Alikaa ofisini Detroit kama makamu wa rais, chini ya meneja mkuu Ken Holland, ndipo 2010 akawa meneja mkuu wa klabu nyingine, Tampa Bay Lightning. Machi 2014 nahodha wake, Martin St. Louis, aliomba kuondoka. Yzerman akampeleka klabu ya New York Rangers, akamchukua nahodha wa huko, Ryan Callahan, pamoja na nafasi za kuteua chipukizi. Nahodha aliweza kuomba. Kupanga bei ilikuwa kazi ya ofisi.

Kwa hiyo, ukiandika kwamba Yzerman alirudi Detroit 2019 kuwa meneja, ongeza tu lile neno "mkuu". Kocha naye aitwe kocha.