Je, wajua kwa nini mastaa humwaga mtama kwa mchekeshaji kuliko kwa mwanahabari?

Ukikaa ukifikiria, hii kitu ni ya ajabu kidogo. Staa amefuatwa na waandishi wa habari miaka nenda miaka rudi, ana meneja, ana wakili, ana mtu wa kumwambia maswali gani ajibu na gani aruke, halafu siku moja anaketi mbele ya mchekeshaji na maikrofoni mbili, na kabla saa moja iishe ashaanza kusema vile pombe ilimmaliza, vile babake hakuwahi kumsifu hata mara moja, vile anaogopa watu watamsahau. Hakuna mtu amemlazimisha, hata hajaulizwa vizuri saa zingine. Sasa huyo mchekeshaji amemfanyia nini?

Mimi hizi podikasti, yaani vipindi vya mazungumzo unavyopakua kwa simu, huzisikiliza sana nikiwa kwa barabara, Nakuru kwenda Kisumu, unapita Mau Summit, Londiani, Kericho, halafu unateremka mpaka Ahero joto linakupokea, na hiyo safari inatosha kumaliza intaviu mbili na bado ubaki na muda wa kusikia makanga akigombana na abiria juu ya chenji. Kwa hivyo swali nimelibeba muda, na jibu naona liko hivi.

Chukua ile podikasti ya Marc Maron, inaitwa WTF with Marc Maron. Maron ni mchekeshaji Mmarekani, wa kusimama jukwaani na kuongea. Alianza Septemba 2009, na alianza akiwa chini kabisa: kazi ya redio kwa stesheni ya Air America ilikuwa imekatika, ndoa ya pili imeisha, pesa hakuna, na wachekeshaji alioanza nao walikuwa washakuwa mabosi. Yeye na prodyuza wake Brendan McDonald walirekodi zile za kwanza kwa kuingia usiku kwa studio za hiyo hiyo stesheni iliyomuachisha, kama wezi vile. Baadaye akarudi Los Angeles, akaweka maikrofoni ndani ya gareji ya nyumba yake, ile ya kuegesha gari, imejaa vitabu na takataka, na hapo ndipo watu wakubwa wakaanza kuja mmoja mmoja. Aliendelea hivyo mara mbili kwa wiki mpaka Oktoba 2025, zaidi ya vipindi 1,600.

Na sasa angalia wageni wake wa mwanzo walikuwa akina nani. Wengi walikuwa wachekeshaji wenzake, na baadhi yao alikuwa amewaonea wivu mpaka urafiki ukaharibika. Kwa hivyo hakuwa anawahoji, alikuwa anawaomba msamaha mbele ya maikrofoni. Anaanza yeye: nilikuwa mjinga, nilikuwa na kijicho, wewe ulifanikiwa mimi nikabaki nikichukia. Mtu akikufungulia hivyo utafanya nini? Utamsomea taarifa ya meneja? Haiwezekani, hata ukijaribu utaonekana mbaya. Wanasaikolojia wameliangalia hili jambo tangu zamani, kuna mmoja aliitwa Sidney Jourard aliyelishughulikia sana, na kile kilichoonekana tena na tena ni kwamba watu hulipana: ukinipa siri yako ndogo nami nakupa yangu ya ukubwa huo huo, polepole tunapanda. Mwanahabari hawezi kucheza huo mchezo, kazi yake inamkataza kujiweka ndani ya stori. Mchekeshaji naye anakula kupitia aibu zake, hizo ndizo biashara. Amesimama mbele ya watu mia akisema vile aliachwa, vile alifilisika, sasa mbele ya mtu mmoja atashindwa?

Sisi huku magharibi mwa Kenya hii hesabu tunaijua hata bila profesa. Kijana akiwa na neno zito hampelekei babake, anampelekea nyanyake, kwa sababu nyanya ndiye humwita bwanangu na kumuuliza mahari iko wapi, na kati ya watu wanaotaniana hivyo aibu haina pa kukaa, kwa hivyo neno linatoka. Babake ana maswali mazuri zaidi, nakubali, lakini ana uso wa kamati ya nidhamu.

Intaviu inayotajwa sana kwa hiyo podikasti ni ya mchekeshaji na mwigizaji Robin Williams, 2010. Huyu ni mtu ambaye kwa televisheni alikuwa haketi, ni sauti kumi kwa dakika moja, huwezi ukajua yeye mwenyewe yuko wapi. Maron alienda kwake nyumbani, na Williams akaongea taratibu, kuhusu pombe, kurudi kwa pombe baada ya miaka mingi ya kuacha, operesheni ya moyo, na hata mawazo ya kujitoa uhai, lakini akiyafanyia mzaha katikati ya uzito wote huo. Alifariki Agosti 2014, na Maron akaitoa tena ile intaviu watu waisikilize. Mwaka wa 2022 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiweka kwa orodha ya rekodi za sauti za kuhifadhiwa kitaifa, yaani imekaa kabati moja na hotuba na nyimbo za kihistoria. Ukiisikiliza utashangaa jinsi maswali ni ya kawaida, ni kama watu wawili wanaulizana habari za kazi.

Halafu kuna mambo ya muda. Kwa vile vipindi vya usiku vya televisheni ya Marekani staa anapewa dakika chache, na kabla hajaingia kuna mtu wa kipindi ameshaongea naye wakapanga ni stori gani atasimulia na mwenyeji amuulize nini ndio ifike kwa kichekesho. Ni mchezo wa kuigiza mdogo, na unapendeza, lakini umepangwa. Sasa kwa podikasti ya saa nzima na kitu zile stori zilizopigwa pasi zinaisha mapema. Kuna mahali huwa unasikia kabisa zimeisha, kwa kawaida dakika ya ishirini hivi, mgeni anavuta pumzi, sauti inashuka, na kuanzia hapo ni mtu anaongea, staa ameenda zake. Mimi sasa husubiri hiyo sehemu kama mtu wa mpira anavyosubiri kipindi cha pili.

Na hapo katikati kuna ufundi ambao watu hawauoni. Watafiti walilinganisha mazungumzo kwa lugha 10 za pande mbalimbali za dunia wakachapisha matokeo 2009, wakapata kwamba kwa wastani pengo kati ya mtu kumaliza na mwingine kuanza ni kama moja ya tano ya sekunde. Hilo ni pengo dogo hata kuliko muda ubongo unaohitaji kupanga sentensi, maana yake tunapanga jibu mwenzetu akiwa bado anaongea. Mwanahabari mwenye karatasi ya maswali anakuwa na shida mara mbili, kwa sababu kichwa chake kiko kwa swali linalofuata. Mchekeshaji mzuri naye amefundishwa na jukwaa kitu kimoja kigumu sana, kunyamaza. Anajua ukimya wa sekunde moja una uzito gani, wa sekunde mbili je, ameshaungua kwa hizo sekunde mbele ya watu walevi. Kwa hivyo mgeni akimaliza sentensi yeye hakimbilii, anaacha, na binadamu hapendi shimo kwa mazungumzo, analijaza mwenyewe. Kile anachojazia mara nyingi ndicho kesho kitakuwa kichwa cha habari.

Hiyo ni upande wa mgeni. Upande wetu sisi wasikilizaji kuna kitu kingine, na hiki kinahusu masikio. Ukisikiliza redio ya matatu sauti inatoka kule mbele, ubongo unajua ni kule, kwa sababu inafika sikio moja mapema kidogo na kwa nguvu tofauti na lingine. Ukivaa iafoni sauti ya mtu anayeongea inafika masikio yote mawili sawa na kwa wakati mmoja, na hakuna kuta za kuirudisha, basi ubongo unakosa pa kuiweka nje, unaiweka ndani ya kichwa, katikati kabisa. Huyo mtu anaongea mahali ambapo mawazo yako mwenyewe huongelea. Si ajabu unahisi mnajuana.

Kuhisi kumjua mtu ambaye hakujui, hilo wala halikuanza na simu. Watafiti Donald Horton na Richard Wohl waliandika kulihusu 1956, enzi televisheni ni mpya, wakaeleza vile mtazamaji anajenga urafiki wa upande mmoja na mtangazaji. Kwa podikasti iliyokaa miaka ndio linaiva kabisa. Maron kabla ya kila intaviu alikuwa anaongea peke yake kwa dakika kadhaa, paka wake, mahusiano yake, hasira zake, chakula alichopika. Wengi wanapitisha hiyo sehemu haraka waende kwa mgeni, na mimi naona wanakosea vibaya. Mei 2020 mpenzi wake Lynn Shelton, mwongozaji wa filamu, alifariki ghafla, na siku chache baadaye Maron alikaa kwa maikrofoni akaongea akilia. Msikilizaji aliyekuwa naye tangu 2009 alikuwa kama yuko kwa matanga. Na wageni nao ni wasikilizaji! Hapo ndipo naona siri yenyewe ya kudumu muda mrefu iko: kufikia mwaka wa kumi mgeni anayekuja kwa Maron ashawasikia wengine wakifunguka hapo, anajua hapa huongewa hivi, mwenyeji ameshaweka aibu zake mezani mara mia kadhaa. Mwenyeji hahitaji kuanza upya na kila mtu. Mtu anayefungua podikasti leo na kutaka staa alie wiki ijayo hana hiyo akiba, ndio maana anabaki kuuliza nani alimwacha nani.

Juni 2015 hata Barack Obama, akiwa rais, alienda kwa hiyo gareji, walinzi wenye bunduki wakiwa juu ya paa la jirani. Aliongea kuhusu ubaguzi wa rangi kwa lugha ambayo huwezi kusikia kwa hotuba, hata neno la matusi wanaloitwa watu weusi alilitamka wazi ili kueleza kwamba kutolisema hadharani hakumaanishi ubaguzi umeisha, na hiyo ilikuwa siku chache tu baada ya watu tisa kuuawa kanisani Charleston. Dunia nzima ikaandika. Huku kwetu mwezi huo watu walikuwa na hesabu nyingine, kama akija Kenya Julai atafika Kogelo, kijiji cha babake, au la (hakufika, alikuja kufika 2018).

Lakini tusidanganyane, hii njia ina kasoro yake na ni kubwa. Mchekeshaji akishakuwa rafiki hawezi tena kubana. Mwanasiasa anajua hivyo vizuri, ndio maana anapenda hivi viti laini kuliko chumba cha habari. Donald Trump alikaa na Joe Rogan, mchekeshaji mwingine aliyeanza podikasti 2009, kama saa tatu nzima Oktoba 2024, siku chache kabla ya uchaguzi. Saa tatu utajifunza mtu anacheka vipi na anapenda nini. Bajeti ukitaka kuijua tafuta mwanahabari.

Kwetu Kenya wachekeshaji wameshika maikrofoni kitambo. Daniel Ndambuki, Churchill, amekuwa Mwalimu King'ang'i asubuhi na Maina Kageni kwa Classic 105, Jalang'o alikuwa na Bonga na Jalas kwa YouTube kabla ya kwenda bungeni 2022, Mwafreeka ana Iko Nini, Oga Obinna naye ana kipindi chake. Ufundi upo, na lugha iko tamu kuliko ya hao Wamarekani, hiyo siogopi kusema. Kinachonisumbua ni kamera. Nyingi za kwetu ni video, na mgeni akiona kamera anakumbuka TikTok, anaanza kutafuta ile sentensi ya sekunde thelathini itakayokatwa isambae, mwenyeji pia anaitafuta, basi mnabaki watu wawili wanaowinda klipu. Ile dakika ya ishirini haifiki.

Halafu video inakula bando. Sauti tupu ya kiwango cha kilobiti 64 kwa sekunde ni karibu MB 29 kwa saa, ya 128 ni kama MB 58, piga hesabu mwenyewe. Pakua kwa waifai usiku, moja ya saa na nusu na nyingine fupi, weka simu kwa mfuko, na ukifika Kericho mtandao ukipotea wewe hata hutajua.