Mhakiki wa taarifa za famakojenomiki: anafanya kazi gani?

Watu wawili wanaweza kupewa dawa ile ile kwa kipimo kile kile, mmoja akapona vizuri na mwenzake akasumbuka nayo. Mara nyingine sababu ni ya kurithi. Famakojenomiki ni elimu inayochunguza jinsi tofauti za jeni zinavyobadili mwenendo wa dawa mwilini. Mhakiki wake ni mwanasayansi anayesoma tafiti zilizochapishwa, anazichambua, kisha anayaingiza matokeo katika hazina ya data ambamo daktari, mfamasia au mtafiti ataweza kuyakuta. Yeye mwenyewe hapimi damu wala haandikii mgonjwa dawa. Hazina iliyojulikana zaidi kwa miaka mingi ni PharmGKB, iliyoanzishwa mwaka 2000 katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na ambayo mwaka 2025 iliingizwa katika ClinPGx.

Tuchukue efavirenz, dawa ya ARV iliyotumiwa sana Afrika Mashariki kabla ya dolutegravir kushika nafasi yake. Huvunjwavunjwa kwenye ini, hasa na kimeng'enya kinachotengenezwa na jeni iitwayo CYP2B6. Aliyerithi nakala dhaifu ya jeni hiyo kwa baba na kwa mama huivunja dawa polepole; inajaa katika damu, na anaweza kupata kizunguzungu, ndoto mbaya au kukosa usingizi.

Tafiti kuhusu jambo hili ni nyingi, na kila moja ina lugha yake. Mtafiti mmoja anaandika 516G>T, mwingine Q172H, wa tatu rs3745274, na wote wanazungumzia badiliko lile lile la CYP2B6. Wa nne anaandika *6 (alama ya nyota na namba hutaja aina nzima ya jeni, si badiliko moja), na hapo mhakiki makini husimama kwanza. Aina ya *6 ina badiliko hilo pamoja na jingine, 785A>G. Ile yenye la kwanza peke yake huitwa *9. Aliyepima 516 tu kisha akaandika *6 amedai zaidi ya alichokiona. Mhakiki hurudi kwenye sehemu ya mbinu, pengine hata kwenye majedwali ya nyongeza, na kuingiza kile kilichopimwa kweli.

Huandika pia washiriki walikuwa wangapi, wenye asili ya wapi, na kilichoangaliwa ni kiwango cha dawa katika damu au maradhi yenyewe, kwa maana hayo ni mambo mawili tofauti. Utafiti ambao haukuona uhusiano wowote nao huingizwa. Ushahidi ukishakusanywa hupewa daraja, kuanzia 1A lililo imara zaidi hadi 4. Efavirenz na CYP2B6 ziko 1A, na mwongozo wa mwaka 2019 wa CPIC, jopo la wataalamu linaloshauri jinsi ya kutumia majibu ya jeni katika kutoa dawa, unashauri wanaoivunja polepole wafikiriwe kupewa miligramu 400 au 200 badala ya 600.

Kwangu mimi, safu ya asili ya washiriki ndiyo yenye uzito mkubwa kwetu. Kuna aina nyingine dhaifu, *18, inayopatikana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika. Kipimo kisichoitafuta hakitaiona, na kwa kawaida maabara huandika *1, yaani nakala ya kawaida, pale kisipoona badiliko lolote kinalolitafuta. Mgonjwa wa Mwanza au Kampala mwenye *18 atapewa majibu kwamba jeni yake haina tatizo, huku dawa ikizidi kujaa katika damu yake.